Ufafanuzi: Karantini na haki za raia chini ya sheria ya Uganda

Jumamosi jioni, tarehe 15 Oktoba 2022, Rais Yoweri Museveni alilihutubia taifa na kutangaza kwamba wilaya za Mubende na Kassanda zimefungwa kwa siku 21. Wasafiri hawakuruhusiwa kuingia wala kutoka, iwe kwa gari la abiria, gari binafsi au bodaboda; malori ya mizigo yaliachwa yaendelee na safari. Nyumba za ibada, baa na kumbi za starehe zilifungwa, na amri ya kutotoka nje ikawekwa kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Wiki chache kabla ya hapo, Rais huyo huyo alikuwa amewaambia wananchi kwamba hapakuwa na haja ya kufunga eneo lolote, kwa kuwa Ebola haisambai kama Korona.

Zuio hilo liliongezwa tarehe 5 Novemba, likaongezwa tena tarehe 26 Novemba, na hatimaye likaondolewa tarehe 17 Desemba. Wakazi wa wilaya hizo mbili walikaa siku 63 ndani ya mipaka yao. Mlipuko wenyewe, uliotangazwa tarehe 20 Septemba, ulitangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023. Wagonjwa 142 walikuwa wamethibitishwa, na 55 kati yao walifariki dunia. Watu wengine 22 walifariki kabla ya kupimwa na wakahesabiwa kuwa wagonjwa wa kukisiwa. Wahudumu wa afya 19 waliambukizwa, saba wakafa.

Kipindi kile kiliacha swali ambalo halikupata nafasi ya kutosha wakati watu walipokuwa wakihesabu wafu: serikali inapomzuia mtu mwenye afya asitoke kijijini kwake, au inapomtenga mgonjwa na jamaa zake, inafanya hivyo kwa mamlaka gani, na mtu huyo anabaki na haki gani mkononi? Makala haya yanaeleza sheria inavyosema, na yale yaliyotokea Uganda na kwingineko Afrika sheria hiyo ilipofuatwa na ilipopuuzwa.

Hatua tatu zinazochanganywa

Katika mazungumzo ya kila siku neno karantini hubeba mambo matatu yaliyo tofauti. La kwanza ni kumtenga mgonjwa, yaani mtu ambaye tayari ana maradhi anawekwa mahali pa peke yake ili apate matibabu na asiambukize wengine. La pili, ambalo ndilo karantini hasa, ni kumzuilia mtu asiye na dalili yoyote kwa sababu alitangamana na mgonjwa na huenda virusi vimeshaingia mwilini mwake. La tatu ni kulifunga eneo zima, pamoja na watu ambao hawajawahi kumkaribia mgonjwa wala kumwosha marehemu. Kadiri hatua inavyotoka kwa mgonjwa na kuelekea kwa watu wazima wa afya, ndivyo serikali inavyopaswa kuwa na sababu nzito zaidi ya kuichukua.

Aina ya maradhi nayo ina uzito wake. Mtu aliyeambukizwa Ebola hawezi kumwambukiza mwingine kabla hajaanza kuonyesha dalili, na dalili hujitokeza kati ya siku 2 na siku 21 tangu virusi vilipoingia mwilini. Hapo ndipo inapotoka ile hesabu ya siku 21. Kwa maana hiyo, mtu aliyetangamana na mgonjwa anaweza kufuatiliwa nyumbani kwake, akapimwa joto kila siku, na akachukuliwa haraka mara homa inapoanza, bila ya kuwa hatari kwa jirani katika siku zilizotangulia. Korona ilikuwa na tabia nyingine: mtu aliweza kuambukiza wengine naye bado anajiona mzima. Kifua kikuu kina tabia ya tatu, kwani mgonjwa anayemeza dawa zinazofaa huacha kuambukiza baada ya muda mfupi, ingawa tiba yenyewe huendelea kwa miezi. Amri moja isiyobagua kati ya maradhi haya matatu haiwezi kuwa na msingi wa kisayansi, hata ikitangazwa na nani.

Sheria ya zamani, kumbukumbu ya zamani zaidi

Hatua za mwaka 2022 ziliegemea Sheria ya Afya ya Umma, ambayo ilitungwa mwaka 1935, Uganda ikiwa chini ya Waingereza. Sheria ya namna hiyo, iliyotungwa na watawala wa kikoloni, humpa afisa wa afya mamlaka makubwa na humwachia anayetengwa maneno machache ya kujitetea.

Waganda waliijua mikono ya mamlaka hayo hata kabla ya sheria kuandikwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulizuka kwenye fukwe za Ziwa Victoria, na inakadiriwa kwamba katika miaka 20 uliua watu wapatao 250,000 katika Buganda na Busoga. Gavana Hesketh Bell aliamuru watu wahamishwe kutoka kandokando ya ziwa, na mwaka 1909 ikawa zamu ya wakazi wa Visiwa vya Ssese. Wagonjwa walikusanywa kambini. Katika visiwa hivyo hivyo, kati ya mwaka 1906 na 1907, mwanasayansi Mjerumani Robert Koch alikuwa amewajaribia wagonjwa dawa iliyoitwa Atoxyl, ambayo iliwapofusha baadhi yao. Wavuvi walipoteza maji yao na wakulima migomba yao, na ruhusa ya kurudi ilichukua zaidi ya miaka kumi kupatikana. Wapo wanahistoria wanaokubali kwamba kuwaondoa watu mahali penye mbung'o kulipunguza vifo. Hata hivyo mtu akijiuliza kwa nini gari la wahudumu wa afya likiingia kijijini watu hukimbilia mashambani, ni vyema akumbuke kwamba hofu hiyo haikuanza juzi.

Katiba ya 1995 inasema nini

Katiba ya Uganda hailifichi jambo hili. Ibara ya 23 inataja hali ambazo mtu anaweza kunyimwa uhuru wake, na mojawapo ni pale inapokuwa lazima kuzuia kuenea kwa maradhi ya kuambukiza. Kwa hiyo hoja ya kwamba karantini yenyewe ni uvunjaji wa katiba haina mashiko. Lakini ibara hiyo hiyo inaendelea, na sehemu inayofuata ndiyo isiyosomwa mara nyingi.

Kwanza, mtu aliyekamatwa, aliyewekewa mipaka au aliyezuiliwa ni lazima aelezwe mara moja sababu za hatua hiyo, katika lugha anayoielewa, pamoja na haki yake ya kuwa na wakili. Maneno “aliyewekewa mipaka” yana maana kubwa hapa, kwa sababu yanamgusa hata mtu aliyeambiwa abaki nyumbani. Kwa wasikilizaji wa Kiswahili nchini, hasa wale wanaoishi katika wilaya ambako matangazo ya dharura hutolewa kwa lugha ya wenyeji na kwa Kiingereza, kifungu hiki si pambo. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwa mujibu wa katiba tangu marekebisho ya mwaka 2005. Lakini kwa muda mrefu kimejulikana kwa wananchi wengi kama lugha ya askari kwenye kizuizi cha barabara, na kwa uchache kama lugha ya daktari anayeeleza maradhi. Mtu akiamriwa kwa Kiswahili na kufafanuliwa kwa lugha asiyoijua, hajafafanuliwa.

Pili, ndugu wa karibu wa anayezuiliwa wanatakiwa wajulishwe haraka iwezekanavyo kwa ombi lake, na yeye mwenyewe apate matibabu. Tatu, anayezuiliwa kinyume cha sheria anastahili fidia. Ibara ya 26, inayohusu mali, inakubali kwamba mali ya mtu inaweza kuchukuliwa kwa ajili ya afya ya umma, ila inataka sheria inayohusika iweke malipo ya fidia ya haki na bila kuchelewa. Godoro la mgonjwa wa Ebola likichomwa moto, kuna mtu ambaye usiku huo hana pa kulala.

Juu ya hayo yote kuna ibara ya 44, inayotaja haki ambazo haziwezi kupunguzwa katika hali yoyote ile, ikiwemo vita. Miongoni mwake ni haki ya kutoteswa wala kutendewa ukatili na unyama, haki ya kusikilizwa kwa uadilifu, na haki ya kuiomba mahakama imwamuru anayemzuilia mtu amlete mbele ya jaji na aeleze anamzuilia kwa sheria ipi. Haki hii ya mwisho ndiyo mlango uliobaki wazi kwa aliyetengwa, maana ule ukomo wa saa 48 wa kufikishwa mahakamani, unaojulikana na wengi, unamhusu mtuhumiwa wa kosa la jinai. Mtu aliye karantini hakutuhumiwa kosa lolote, na kwa sababu hiyo hiyo hana saa 48 za kuhesabu. Ni hali ya ajabu kidogo: mwizi wa kuku ana tarehe yake ya kumwona hakimu, na aliyemuuguza dadake hana.

Kimataifa, kipimo kinachotumiwa zaidi ni Kanuni za Siracusa, zilizoandikwa na wataalamu wa sheria waliokutana katika mji huo wa Italia mwaka 1984 kuufafanua Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Kwa mujibu wa kanuni hizo, hatua ya kuwekea haki mipaka ni lazima iwe na msingi katika sheria, iwe na lengo halali, iwe ya lazima kweli, isiwe kali kupita njia nyingine inayoweza kufikia lengo hilo hilo, isibague watu, iwe na kikomo cha muda na iweze kupitiwa upya. Uganda ni mwanachama wa mkataba huo tangu mwaka 1995.

Kapsabet: wagonjwa waliopelekwa gerezani

Majirani wa Kenya wanayo kesi ambayo imetufundisha mengi kuliko semina nyingi. Mwezi Agosti 2010, wanaume wawili waliokuwa wakitibiwa kifua kikuu katika kaunti ya sasa ya Nandi walikamatwa kwa kukatiza dawa. Hakimu wa Kapsabet aliamuru wafungwe katika gereza la mji huo kwa miezi minane ili wamalize tiba, kwa kutumia kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, sheria iliyo ndugu wa ile ya Uganda. Walikaa humo siku 46, katika msongamano wa wafungwa wengine, kabla ya Mahakama Kuu kuamuru waachiliwe.

Mtu hahitaji kuwa daktari ili aone kasoro. Kifua kikuu husambaa kwa hewa, na husambaa zaidi mahali penye watu wengi na madirisha machache. Kumpeleka mgonjwa wa maradhi hayo gerezani kwa jina la kuwalinda wengine ni kuwatoa kafara wafungwa, walinzi wao, na familia ambazo walinzi hao hurudi kwao jioni.

Shauri hilo liliendelea miaka kadhaa, na tarehe 24 Machi 2016, ambayo ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani, Jaji Mumbi Ngugi alitoa hukumu. Hakukataa kwamba mtu anaweza kutengwa kwa lazima kwa manufaa ya umma. Alikataa kwamba gereza linaweza kuwa mahali pa kutengea, akasema kuwafunga wagonjwa namna ile kulivunja katiba. Aliiamuru serikali itoe waraka wa kufafanua kuwa kifungu cha 27 hakiruhusu jambo hilo, na ndani ya siku 90 iandae sera ya kuwatenga wagonjwa kwa lazima inayolingana na katiba na viwango vya kimataifa.

Mafunzo ya hukumu hiyo hayakushika kila mahali. Mwaka 2020, wakati wa Korona, nchini Kenya kwenyewe watu waliokamatwa kwa kuvunja amri ya kutotoka nje usiku walipelekwa kwenye vituo vya karantini, wakachanganywa na wale waliohofiwa kuwa na virusi. Karantini ikawa adhabu. Pale inapokuwa adhabu, mwenye homa hujificha, na hilo wahudumu wa afya wanalijua vizuri kuliko mawakili.

West Point: siku kumi za seng'enge

Kufunga eneo zima kuna mfano wake mchungu nchini Liberia. Tarehe 19 Agosti 2014, Ebola ikiwa imeshaingia Monrovia, Rais Ellen Johnson Sirleaf alitangaza karantini ya siku 21 kwa West Point, mtaa wa mabanda ulioko kwenye rasi ya mchanga ufukweni mwa jiji, wenye makumi ya maelfu ya wakazi. Siku chache kabla, watu walikuwa wamekivamia kituo kilichowekwa humo kwa ajili ya wagonjwa, wakiuliza kwa nini wagonjwa wa mitaa mingine waletwe kwao.

Wakazi waliamka asubuhi ya tarehe 20 wakakuta seng'enge, askari wa jeshi na polisi. Hawakuwa wameelezwa kitu. Bei ya chakula ilipanda mara moja, kwani bidhaa zote za mtaa huo hutoka nje. Hasira ilizidi familia ya afisa wa serikali wa mtaa huo ilipoonekana ikisindikizwa kutoka. Mawe yakarushwa, askari wakafyatua risasi, na kijana mmoja wa kiume aliyejeruhiwa miguuni akafariki dunia. Iliripotiwa kuwa katika siku zilizofuata wenye fedha waliwahonga walinzi na kupita. Tarehe 30 Agosti, baada ya siku kumi hivi, serikali iliondoa zuio, na Liberia haikurudia tena njia hiyo. Iliegemea wazee wa mitaa na vijana wa kujitolea waliogonga mlango kwa mlango.

Mubende haikuwa West Point. Hakukuwa na umwagaji damu wa namna ile, na zuio la Uganda lilitanguliwa na tangazo la Rais lenye tarehe ya mwisho, ingawa tarehe hiyo ilisogezwa mara mbili. Tena serikali ilikuwa na sababu iliyo nzito. Mapema Oktoba, kwa maelezo ya Wizara ya Afya, mtu aliyekuwa kwenye orodha ya waliotangamana na mgonjwa alitoka Mubende, akaficha jina lake na alikotoka, akafia hospitalini Kampala. Aina ya virusi iliyokuwepo, ile inayoitwa ya Sudan, haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa, tofauti na aina ya Zaire ambayo chanjo yake ilikuwa imetumika sana mashariki mwa Kongo. Mbele ya Kampala na wakazi wake zaidi ya milioni moja na nusu, kusitasita kungekuwa na gharama yake.

Lakini Ebola ilifika Kampala hata hivyo, na ikafika Jinja na Masaka pia, huku zuio likiendelea. Kwa kuwa ufuatiliaji wa waliotangamana na wagonjwa, mazishi salama na vituo vya matibabu vilikuwa vikifanya kazi wakati ule ule, ni vigumu kwa mtu mwaminifu kusema ni kiasi gani cha mafanikio ya mwisho kilitokana na kufunga barabara. Kinachojulikana ni nani alilipa. Mubende na Kassanda ni wilaya za wakulima, wachuuzi na wachimbaji wadogo wa dhahabu, watu wanaokula leo walichokipata leo. Siku 63 ni msimu mzima wa maharage.

Kilichotokea Bwera

Tukio lililopata nafasi ndogo zaidi kwenye vichwa vya habari pengine ndilo lenye kueleza mengi. Mwezi Juni 2019, mlipuko mkubwa wa Ebola ukiwa unaendelea Kivu Kaskazini na Ituri, mlipuko ambao hadi mwisho wake mwaka 2020 uliathiri watu 3,470 na kuua 2,287, familia moja yenye jamaa pande zote mbili za mpaka ilikuwa imerudi kutoka kwenye mazishi huko Kongo. Baadhi yao walikuwa wamewekwa chini ya uangalizi upande wa Kongo. Waliondoka, wakavuka mpaka kwa njia za panya, wakamfikisha mtoto mgonjwa wa miaka mitano katika hospitali ya Kagando, wilayani Kasese, kutoka alikohamishiwa Bwera.

Ukiitazama karatasi ya sheria, familia hiyo ilikiuka karantini. Ukiwatazama wenyewe, walikuwa wakimpeleka mtoto kwa daktari waliyemwamini. Mtoto alifariki, na bibi yake na mdogo wake pia walipoteza maisha. Lakini wahudumu wa afya wa Kasese walikuwa wameandaliwa kwa miezi mingi, walimtambua mgonjwa mapema, na hakuna mtu aliyeambukizwa ndani ya Uganda kutokana na kisa hicho. Jamaa waliobaki walirudishwa Kongo kwa ridhaa yao, baada ya nchi mbili kukubaliana, ili wawe karibu na ndugu zao na wapate dawa zilizokuwa zikijaribiwa huko. Neno ridhaa lilikuwemo katika taarifa za siku zile, na inafaa likumbukwe: hapakuwa na pingu wala seng'enge, na Kasese haikufungwa.

Suala la mazishi

Hakuna eneo ambako haki ya mtu na usalama wa wengi hugongana kwa ukali kama kwenye kuzika. Maiti ya aliyekufa kwa Ebola ina virusi vingi kupita kiasi, na kuiosha kwa mikono mitupu ni hatari kubwa. Mwaka 2022 maafisa wa afya walieleza kuwa huko Kassanda maiti iliyokwisha kuzikwa na timu maalumu ilifukuliwa ili itendewe taratibu za dini, na maambukizi yakafuata.

Jibu la haraka ni kuwalaumu waliofukua. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu njia ya kuepusha mgongano ilikuwa imeshaandikwa. Tangu Novemba 2014, Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima, uliotayarishwa pamoja na viongozi wa dini, ambao kwa marehemu Mwislamu unaruhusu kutayamamu badala ya kuosha kwa maji, na kuvisha sanda kunakofanywa na watu waliovaa mavazi ya kinga. Kwa Mkristo unatoa nafasi ya sala na ya ndugu kushuhudia kwa mbali. Familia iliyoelezwa hayo kabla ya jeneza kufungwa, na imamu au mchungaji wake akiwepo, ina sababu chache za kurudi makaburini usiku.

Nani alipe

Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ambazo zinazifunga nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, zinataka hatua zote zitekelezwe kwa kuheshimu utu na haki za binadamu, na zinataka msafiri aliyewekwa karantini apewe chakula, maji, malazi, matibabu na njia ya kuwasiliana kwa lugha anayoielewa, ikiwezekana. Ibara ya 40 inakataza kumtoza msafiri gharama za karantini, isipokuwa yule anayeingia kuomba makazi. Mwezi Machi 2020, wasafiri waliowasili Entebbe walipelekwa hotelini na kutakiwa wajilipie, jambo lililozua mabishano makali. Kenya nayo iliwatoza waliowekwa kwenye vituo vyake.

Kwa mwanakijiji ambaye hakuvuka mpaka wowote, kanuni hizo hazimtaji moja kwa moja. Anabaki na katiba yake na hisani ya wafadhili. Hapo ndipo sheria ya Uganda ilipo dhaifu zaidi: mamlaka ya kumzuia mtu yameandikwa waziwazi, na wajibu wa kumlisha katika siku hizo umeachwa kutegemea bajeti ya wakati huo na malori ya mashirika ya misaada. Serikali isiyoweza kulisha wilaya kwa siku 21 ingepaswa kujiuliza swali hilo kabla ya kuifunga, wala si katika wiki ya tatu.

Aliyezuiliwa anaweza kuuliza nini

Mtu anayeambiwa aende karantini ana haki ya kuuliza jina na cheo cha anayemwamuru, sheria inayotumika, sababu ya yeye kuhesabiwa kuwa ametangamana na mgonjwa, na tarehe ambayo muda wake utakwisha. Anaweza kuomba maelezo hayo kwa Kiswahili. Anaweza kuomba ndugu yake mmoja ajulishwe mahali alipo. Akipimwa, matokeo ni yake. Mali yake ikiharibiwa, ni busara kuandika orodha yake siku hiyo hiyo, na kumwomba afisa au mwenyekiti wa LC1 aweke sahihi. Akiona muda umepita na hakuna anayemjibu, yeye au ndugu yake anaweza kwenda Mahakama Kuu, au kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, yenye ofisi katika miji kadhaa nje ya Kampala.

Kukimbia si miongoni mwa haki hizo. Mwenye homa, kutapika au kutokwa damu baada ya kutangamana na mgonjwa anahatarisha kwanza wale wanaomtunza, na uwezekano wake wa kupona huongezeka akifika kituoni mapema.

Tarehe 30 Januari 2025, Ebola ya aina ile ile ya Sudan ilitangazwa tena, safari hii Kampala kwenyewe, baada ya kifo cha muuguzi wa kiume wa hospitali ya Mulago. Siku nne baadaye chanjo ya majaribio ilianza kutolewa kwa waliotangamana na wagonjwa, kwa hiari yao. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 26 Aprili, ukiwa na wagonjwa 14, wakiwemo wawili wa kukisiwa, na vifo vinne. Hakuna wilaya iliyofungwa.